Upatu na Hesabu Tisini na Sita

Kama umepewa kikopo chenye kifuniko ukaambiwa ulete makohozi ya kwanza ya asubuhi, basi haya nakuandikia wewe. Mimi nilipewa vikopo viwili. Niliuliza kwa nini viwili, nesi akasema cha pili ni cha kuhakikisha. Nikampenda papo hapo. Mimi ni mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili, na sikutegemea kumkuta mwenzangu mahali kama pale.

Naitwa Rashidi. Nauza sufuria, masinia na vyombo vya bati vilivyokwisha kutumika, hapo Kombani, kando ya barabara ya Kwale. Sitakueleza kifua kikuu ni nini. Watakueleza wao, na karatasi watakupa. Mimi nitakueleza yale yasiyoandikwa kwenye karatasi. Lakini lazima nianze na mteja mmoja, kwa sababu bila yeye labda ningekuwa bado nakunywa tangawizi nikiisifu.

Alikuja mwaka mmoja kabla sijaugua. Mwanamke wa bara, miwani usoni, kijiti cha mbao mkononi. Alipita kwenye sufuria zangu akizigonga moja moja, sikio ameliinamisha, kama anazipima homa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hiyo ni nzima, binti yangu, huna haja ya kuibishia hodi."

"Nzima siitaki. Nataka ile iliyobonyea."

Ile iliyobonyea ilikuwa ya kunyweshea kuku. Nikaipangusa. "Hiyo ni ghali kuliko zote."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unaitaka."

Alicheka mpaka akaishika miwani. Tulivutana nusu ya asubuhi. Mwisho akachukua sufuria saba, zote mbovu, na mfuniko mmoja niliomtupia kama nyongeza. Aliugonga ule mfuniko, akafumba macho kama mtu aliyeonja asali. Nilihisi nimepunjwa, ila sikuona ni wapi. Nikahesabu sufuria upya. Zilikuwa saba.

Jina lake Atieno. Ni mwalimu wa muziki, anakaa Ukunda, na kazi ya moyo wake ni kutunga muziki wa kuandikwa kwa vitu vya kugonga peke yake. Hakuna mwimbaji, hakuna kinanda, hakuna gitaa. Watu wanane wanasimama mbele ya karatasi na kugonga ngoma, sufuria, ringi za magari, vipande vya mbao, na kutikisa kayamba.

"Huo muziki unapigwa harusi gani?" nilimuuliza.

"Haupigwi harusini, baba. Watu wanakaa, wanasikiliza."

"Wanakaa tu? Hawachezi?"

"Wanakaa tu."

Nikamwonea huruma. Kisha macho yake yakavuka bega langu, yakatua nyuma ya banda, kwenye upatu wa marehemu baba.

"Na ule?"

"Ule si bidhaa."

Upatu, kwa asiyeujua, ni kama sinia zito la shaba. Unalazwa kifudifudi, unapigwa kwa vijiti viwili, na sauti yake inavuka kijiji. Baba aliupiga katika ngoma za Kidigo tangu Tiwi hadi Kikoneni, na mimi nilijifunza nikiwa nimekaa kando ya goti lake. Sheria yake ilikuwa moja: upatu haunyamazi. Ngoma zitapumzika, mpiga zumari atameza mate, upatu unaendelea. Ukinyamaza, kila mtu anajua ngoma imekwisha, na hapo watu wanainuka kuwatuza wapigaji. Huyu anamvisha mpigaji leso shingoni, yule anambandika noti kwenye paji la uso lenye jasho. Nilimweleza Atieno haya yote kwa kujigamba. Jumapili iliyofuata nilijikuta Ukunda, nimesimama mbele ya karatasi yenye vijiti na vitone, mwanafunzi mwenye mvi.

Kikohozi kilianza wakati wa maembe. Nilijadiliana nacho. Nilikipa tangawizi, kikakataa. Nikakipa asali na ndimu, kikachukua na kikabaki. Uzito ulikuwa unaondoka kama mteja asiyeaga: saa ya mkono ilishuka mpaka kwenye kiwiko nikiinua mkono, na kikoi kilichokuwa kikinizunguka mara moja na nusu sasa kilinizunguka mara mbili. Asubuhi shuka lilikuwa linakamulika. Mke wangu, Mwanakombo, alilianika bila kusema neno, na kimya cha Mwanakombo ni kizito kuliko mahubiri.

Jumapili moja, katikati ya mazoezi, palikuwa na sehemu nyororo kabisa, kayamba peke yake. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Atieno akainua mkono, wote wakasimama.

"Baba Rashidi, hicho kikohozi hakimo kwenye karatasi."

"Samahani, mwalimu."

"Kina muda gani?"

"Kidogo."

"Kidogo hiki kimeanza maembe yakiwa mabichi," akasema Kevo. Kevo ni kinyozi wa Ukunda, mzaliwa wa bara, mgonga ringi wetu. "Mzee, acha maringo, enda ujicheki."

Nikasema nitakwenda wiki ijayo. Atieno akasema kesho. Nikasema basi Alhamisi, tugawane. Akasema kesho, tena atakuja na gari banda likiwa bado limefungwa. Miaka thelathini sokoni, sijawahi kushindwa namna ile.

Chumba cha kifua kilikuwa nyuma ya hospitali, mbali na wengine, na wagonjwa tulingojea nje kwenye benchi mbili chini ya mwarobaini, ili upepo upite. Tulikuwa kumi na mmoja. Nikarudia: kumi na mmoja. Kila mmoja ameacha nafasi ya kupita mbuzi kati yake na jirani, barakoa imepandishwa mpaka machoni. Nilikaa ukingoni kabisa.

"Wewe ni mgeni," akasema mama mmoja aliyetoka Vanga na kikapu chake. "Umekaa kama mtu aliyekosea mlango."

"Labda nimekosea."

"Sote tulikosea. Sogea, jua linakufuata."

Akafungua kikapu, akamega andazi, akaninyooshea nusu kwa mkono wake. Sikuwa na njaa. Lakini nililila polepole, na sasa ninajua kwa nini ninalikumbuka.

Majibu yalipotoka, nesi, ambaye tulimwita Nesi Zuhura, aliniwekea boksi la dawa mezani. "Vidonge vitatu, mara moja kwa siku, miezi sita."

"Nipe minne."

"Minne nini?"

"Miezi."

"Baba, hapa si Kombani."

"Mitano basi, tusikosane."

Akalisukuma boksi mbele yangu kwa kidole kimoja. "Sita. Na ukiacha katikati tunaanza upya, na safari ya pili ni ndefu kuliko hii."

Nikalivuta boksi. Huyo anajua kuuza.

Alitaka watu wote niliopumua nao wapimwe. Nyumbani walipimwa, na wagonga sufuria wote wakapimwa. Hakuna aliyekutwa na ugonjwa, alhamdulillahi. Siku ile ndiyo niliyolia, si siku yangu mwenyewe. Ukifika hapo usishangae.

Sasa nikwambie juu ya dada yangu. Dada Mwanasha ni mkubwa wangu kwa miaka sita. Alipofiwa na mumewe alirudi kukaa kwangu, na tangu hapo jiko ni lake. Mumewe aliondoka kwa kifua. Dada ndiye aliyemlisha, akamwosha, akaviosha na vyombo vyake, na mwisho akavizika nyuma ya nyumba. Niliporudi na boksi langu, alijifunga leso akatoka kwenda dukani. Alasiri aliingia na sahani, kikombe na kijiko vipya. Chini ya kila kimoja alikuwa amepaka alama kwa rangi nyekundu ya kucha.

"Si kwa ubaya, mdogo wangu."

"Najua, dada."

Sisi nyumbani tunakula sinia moja: mimi, mke wangu, dada na binti yetu Saumu. Mikono minne. Tangu siku hiyo ikawa mitatu, na mimi kwenye kigoda changu karibu na mlango na sahani yangu nyekundu.

Lakini usimchukie, kwa sababu kila asubuhi alisimama hatua tatu kutoka kwangu, leso ameizungusha puani, akanisimamia kama askari.

"Moja," anasema. Ninameza. "Mbili. Tatu. Fungua mdomo."

"Hesabu tena," ninamwambia.

"Vimekwisha kushuka, nihesabu nini?"

"Hesabu tena, dada."

Anasonya, halafu anahesabu vidonge vilivyobaki kwenye karatasi yake, mara mbili, kwa sauti. Siku mia moja themanini hakukosa hata moja. Yeye hakutaka kunigusa, wala hakutaka nife.

Mwezi wa kwanza mkojo ulikuwa rangi ya chungwa. Nesi alikuwa amenionya, la sivyo ningeita watu niwape wosia. Magoti yaliuma nikiinuka kwenye mswala. Vidole viliingiwa na ganzi, kama vimelaliwa, na kwa mtu anayeishi kwa kuhesabu kwa vidole hilo si jambo dogo. Nilipewa kidonge kingine cha hilo, kidogo, cha mwisho kushuka. Njaa ilirudi ghafla wiki ya tatu, nikawa nanusa nazi ya jirani.

Kisha Ramadhani ikaingia. Nesi alinikataza kufunga, imamu akasema vilevile. Kula peke yako mchana nyumba nzima imefunga kunakausha mate. Lakini magharibi ndiyo iliyoniumiza. Adhana inalia, tende inazunguka, sinia linatua mkekani na muhogo wa nazi, tambi na samaki wa kupaka, na wewe uko kwenye kigoda. Siku moja Mwanakombo alisimama na tonge lake mkononi, akaja mpaka mlangoni, akalichovya kwenye mchuzi wa sahani yangu nyekundu, akalila akimtazama wifi yake.

"Mama Saumu, kaa chini," nikamwambia.

"Nimeonja chumvi tu," akasema.

Wiki nzima wale wawili waliongea kwa kupitia kwa Saumu. "Mwambie shangazi yako maji yamechemka." "Mwambie mama yako nimesikia." Ugonjwa wangu ulikuwa kifuani, lakini homa yake ilikuwa jikoni.

Mwezi wa pili ulipokwisha, makohozi yakapimwa tena, yakawa safi. Nilimchukua dada mpaka kwa Nesi Zuhura, asikie mwenyewe.

"Bibi, huyu haambukizi mtu tena. Na hata mwanzo, ugonjwa huu haukai kwenye sahani."

"Nimesikia, mwanangu," dada akasema kwa adabu. "Ahsante kwa kutuelimisha."

Jioni sahani ilikuwa palepale, alama yake nyekundu chini. Sikujadiliana. Kama angekuwa anabisha ningembishia. Lakini aliogopa, na mtu anayeogopa huwezi kumpunguzia bei.

Masika yalipoanza kupiga mabati, Atieno alikuja nyumbani, viatu mkononi, karatasi kifuani ndani ya mfuko wa plastiki. Nikamuuliza wamempa nani nafasi yangu.

"Hakuna. Tunafanya mazoezi upatu ukiwa haupo. Panapofika pako tunangoja."

"Mnangoja nini?"

"Wewe."

Nikautoa upatu, nikaanza kupiga ile sehemu ya zamani isiyo na pumziko. Kabla hata sijafika katikati, pumzi ilikwisha, na vidole havikujua kama vimeshika kijiti au hewa. Akanisubiri niteme mate na nitulie. Kisha akatoa karatasi mpya.

"Nimekuandikia unachokiweza leo. Unapiga mwanzo, kidogo. Halafu unanyamaza hesabu tisini na sita. Wenzako nao wanaacha mmoja mmoja, mpaka inabaki kayamba peke yake. Halafu unapiga pigo moja, na kwa pigo hilo wote wanaingia."

"Upatu haunyamazi, mwalimu. Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Yaani nikae pale mbele za watu kama sanamu?"

"Ukae uhesabu. Si ndiyo kazi yako? Ukikosea, wote wanane tumekosea. Ukikohoa, tumekwisha. Siwezi kumpa mtu mwingine."

Nikaipokea karatasi. Nilikuwa nimekaa miezi mitatu bila mtu kunihitaji kwa lolote isipokuwa kumeza.

Basi nikawa nafanya mazoezi kila asubuhi baada ya dawa, kwenye kigoda changu. Njia yangu ni ile ya uradi: kidole gumba kinapita kwenye pingili za vidole vinne, pingili kumi na mbili, na kila pingili ni hesabu nane. Kichwa kinahesabu nane, kidole gumba kinashika pingili. Hesabu mbili kwa wakati mmoja, moja ikianguka nyingine imesimama. Dada alikuwa jikoni kwenye mbuzi yake anakuna nazi, jicho kwenye kidole changu kupitia mlangoni, na nikagundua kuwa anakuna kwa mwendo wangu. Siku moja nilijichanganya, na sauti ikatoka jikoni:

"Umeiruka ya tisa."

"Ipi?"

"Pingili ya tisa. Umeenda ya kumi moja kwa moja."

Mbuzi ikaendelea kukuna.

Mwezi wa tano wa dawa nilirudi Ukunda. Kevo alinikumbatia kabla sijasema hujambo, akanigonga mgongoni kama ringi. "Mzee! Umerudi na mashavu!" Nilisimama pale na mikono yangu hewani, sikukumbuka mikono huwekwa wapi mtu akikukumbatia.

Onyesho lilikuwa Msambweni, ukumbi wa shule, alasiri ya upepo wa kusi. Nilikuwa nimebakiza siku tatu za dawa. Vidonge tisa, vile vidogo vya ganzi mbali, nilivihesabu asubuhi ile, na dada akavihesabu baada yangu. Nilimwambia akiona uzito asije. Akaja. Alikaa mstari wa pili na Mwanakombo, Saumu na majirani watano, wote wamevaa kama wa harusi. Na mimi, mtu wa kuhakikisha kila kitu mara mbili, nilisahau jambo moja tu: sikuwaambia kwamba upatu utanyamaza.

Tulianza vizuri. Sufuria yangu ya kuku ilikuwa na sehemu yake peke yake, ikapigwa kwa utamu sana, nikajuta kutotaja bei ya juu zaidi. Nikapiga sehemu yangu, nikalaza vijiti, nikaanza. Moja, mbili, tatu. Mbao zikaacha. Pingili ya pili. Ngoma zikaacha. Pingili ya tano. Ringi ya Kevo ikaacha, ikabaki kayamba, chasha, chasha.

Ndipo nikasikia kigelegele.

Dada alikuwa amesimama. Upatu umenyamaza, kwa hiyo ngoma imekwisha, na ndugu yake hajatuzwa. Alikuja kwenye ujia wa kati, leso mpya imetandazwa mikononi, akiyumba mabega kama enzi za baba. Mwanakombo alimvuta nguo, akachelewa. Nilimwona Atieno amefumba macho. Dada akapanda jukwaani. Zile hatua tatu alizokuwa akiniwekea kila asubuhi alizipita zote, akanivisha leso shingoni, na harufu ya udi ikanijaa puani mpaka kooni, na kikohozi kikaanza kupanda.

Nikakibana. Nilibana kifua, nikabana meno, machozi yakanitoka. Kilishuka. Lakini kichwa kilikuwa kitupu. Kidole gumba kilikuwa pingili ya saba, hilo nililijua, ila ndani ya saba niko wapi? Mbili? Sita? Kayamba inaenda. Wenzangu saba wananitazama mkono.

Dada akakiona kidole changu. Miezi mitatu alikuwa amekiona kila asubuhi. Kigelegele kikamfia mdomoni. Akaelewa kilichokuwa kikiendelea na alichokuwa amekifanya. Mtu mwingine angekimbia ashuke. Yeye aliinama, mdomo wake ukaja karibu na sikio langu kuliko ulivyokuwa kwa nusu mwaka, mpaka nikaisikia pumzi yake ya joto, na kwa sauti ileile ya vidonge akasema:

"Tano. Sita. Saba. Nane."

Nikahamisha kidole. Ya nane. Alikuwa anaisikia kayamba, anahesabu nayo, shavu lake karibu ligusane na langu, hana leso puani. Ya tisa, hatukuiruka. Ya kumi. Ukumbi ulikuwa umetulia. Nadhani waliamini ndivyo ilivyoandikwa. Ya kumi na moja. Ya kumi na mbili. Nikaokota kijiti kimoja.

"Saba," akasema dada. "Nane. Piga, Rashidi."

Nikapiga.

Wote wakaingia. Sufuria, ringi, mbao, ngoma, kitu kimoja. Sijui kukuelezea sauti ile. Nilihisi kifua changu kinatetemeka, na kwa mara ya kwanza tangu wakati wa maembe hakikutetemeka kwa kukohoa.

Baadaye Atieno alitoa penseli akaandika jambo kwenye karatasi yake, mahali pa pingili ya saba. Nikachungulia. Aliandika: Hapa dada anaingia. Nikamwambia dada hapatikani bure. Akasema tutaongea.

Tulifika nyumbani magharibi haijaadhiniwa. Dada alikuwa ameacha pilau imefunikwa. Hakuna aliyezungumzia jukwaa. Saumu alijaribu, mama yake akamkanyaga mguu. Mimi nikaenda kwenye kabati kwa mazoea, nikapapasa rafu. Kijiko kilikuwepo. Sahani haikuwepo.

"Dada, sahani yangu iko wapi?"

"Kuku walikuwa hawana cha kunywea maji," akasema bila kugeuka. "Ile sufuria yao si uliiuza?"

Akatua sinia katikati ya mkeka. "Njoo ukae. Linapoa."

Nikanawa, nikakaa, nikasema bismillahi. Nikahesabu mikono. Minne. Nikarudia. Minne.